Kijana Aitwaye Mzee

Watu wa visiwani humtambua mgeni angali baharini. Chombo hakijatia nanga bado, nasi tulio gatini tumekwisha kumpima kwa mzigo aliouchukua na kwa namna anavyotazama. Mfanyabiashara hutazama saa yake. Mtalii hutazama mchanga. Mtumishi wa Serikali aliyehamishiwa kwetu pasipo ridhaa yake aghalabu hutazama nyuma, upande ule alikotoka. Leo tunapenda kumzungumza mgeni wa namna nyingine, ambaye visiwa vingi vya dunia vinamjua, hasa vile vya Bahari ya Pasifiki. Naye ni kijana mmisionari wa kanisa ambalo watu wengi wamezoea kuliita la Wamormoni.

Yafaa tutangulize neno moja ili tusieleweke vibaya. Hatuandiki haya kumvuta mtu aiache dini yake, wala hatuandiki kuikebehi dini ya mwingine. Watu wa visiwa vyetu wanajua wanachokiamini, na hawakumwomba mhariri awafundishe kusali. Tunachotaka kukitazama ni siku ya kijana huyo, tangu anapoamka hadi anapolala, mbali na kwao. Ndani ya siku hiyo mna somo linalotuhusu sisi wenyeji, na linawahusu zaidi wale wakubwa wa Serikali ambao kazi yao ni kupanga nani apelekwe wapi.

Jina kamili la kanisa hilo ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, Marekani, na makao yake makuu yako Salt Lake City, katika jimbo la Utah. Tangu mwaka 2018 viongozi wake wamesisitiza kwamba waumini wao waitwe kwa jina hilo refu badala ya lile la mkato. Mwishoni mwa mwaka 2024 lilikuwa na wamisionari zaidi ya 70,000 waliotawanyika duniani, na walio wengi miongoni mwao si mapadri wala wanazuoni. Ni vijana waliotoka shuleni juzi. Mwaka 2012 kanisa lilishusha umri wa kuanza kazi hiyo: wavulana kutoka miaka 19 hadi 18, na wasichana kutoka miaka 21 hadi 19. Mvulana hutumika kwa miezi 24, msichana kwa miezi 18.

Hawapewi mshahara. Kinyume chake, wao na wazazi wao ndio watoao fedha. Kwa miaka mingi mchango wa kijana atokaye Marekani ulikuwa dola 400 kwa mwezi, na tangu Julai 2020 ukawa dola 500, awe amepelekwa katika mji wenye maisha ya ghali au katika kisiwa ambako samaki hupatikana kwa kutupa mshipi. Wala hachagui aendako. Yeye huandika ombi, kisha hungoja. Barua ya wito ndiyo imwambiayo kama atapelekwa jimbo la jirani au ng'ambo ya dunia, na kwa lugha gani. Tangu siku hiyo mvulana huyo hupewa cheo ambacho katika maandishi ya Kiswahili ya kanisa lake hufasiriwa kuwa "Mzee". Ndevu zake zinaanza tu kuota, naye anaitwa Mzee mbele ya watu wenye umri wa babu yake. Msichana huitwa Dada, na hilo kwetu ni jina lisilomshangaza mtu.

Kabla hajatumwa hufundishwa. Huko Provo, Utah, kiko chuo kikubwa cha mafunzo hayo ambacho majengo yake yalifunguliwa mwaka 1976, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufundisha lugha. Lugha zifundishwazo ni nyingi, na Kiswahili chetu ni mojawapo. Aendaye kutumika kwa lugha anayoijua tayari hukaa majuma machache tu. Anayepaswa kujifunza lugha ngeni huongezewa majuma. Bila shaka majuma hayo hayatoshi kumfanya mtu awe msemaji. Lakini yanatosha kumwezesha kusalimu, kushukuru, kuomba njia, na kukubali bila haya kwamba hajaelewa alichoambiwa. Jambo la kutia maanani ni kwamba hatumwi kwanza ndipo afundishwe; hufundishwa kwanza ndipo atumwe.

Basi tumchukue kijana mmoja wa namna hiyo aliyetoka Utah akapelekwa Tonga. Tonga ni ufalme wa visiwa zaidi ya 170 katika Pasifiki ya Kusini, na watu wake wote ni kiasi cha laki moja. Wamisionari wa kanisa hilo walifika huko kwa mara ya kwanza mwaka 1891, na siku hizi takriban mwananchi mmoja katika kila watano ni muumini wao. Kijana wetu huvaa shati jeupe na tai, na kifuani huwa na kibao cheusi chenye jina lake na la kanisa. Lakini kiunoni, badala ya suruali, huvaa *tupenu*, nguo ya wenyeji ifungwayo mfano wa kikoi chetu. Mama yake angemwona hivyo pengine angecheka. Wenyeji hawamcheki, kwa sababu wanaona mtoto wa watu amekubali kuvaa kama wao.

Ratiba iliyozoeleka humwamsha saa 12:30 asubuhi. Hufanya mazoezi ya viungo kwa nusu saa, huoga, hula kifungua kinywa, na kufikia saa 2 huwa amekwisha kufungua vitabu. Husoma maandiko peke yake, kisha pamoja na mwenzake, kisha hukaa na lugha. Yapata saa 4 asubuhi hutoka, kwa miguu au kwa baisikeli, na kutwa nzima huwa kazini: kupiga hodi, kuwatembelea wagonjwa, kufundisha wanaotaka kufundishwa, na kushika jembe au kubeba matofali pale jirani anapohitaji mkono. Hurejea nyumbani kati ya saa 3 na saa 3:30 usiku, na saa 4:30 taa huzimwa. Mwaka 2017 kanisa liliilegeza ratiba hiyo kidogo ili ifuate desturi za kila nchi, lakini mifupa yake imebaki ileile.

Kwa miezi yote hiyo hana mchumba wa kutembea naye, na filamu na mambo mengine mengi ya starehe ameyaweka kando. Hanywi pombe, havuti tumbaku, hanywi kahawa wala chai, kwa amri ambayo kanisa lake limekuwa nayo tangu mwaka 1833. Wasomaji wetu watalitambua mara moja tatizo la sharti hilo la mwisho. Mtu amekukaribisha kwake, ametandika mkeka, ameinua birika, nawe unainua mkono kukataa! Kijana huyo hana budi kujifunza namna ya kukataa kikombe bila ya kumkataa aliyekimimina, naye huomba maji badala yake. Jingine litawashangaza zaidi watu wa pwani: kanuni za wamisionari zinawakataza kuogelea, kwa kuhofia ajali. Kijana wa miaka 18 hukaa kisiwani miezi 24, bahari iko mbele ya mlango wake, watoto wadogo wanapiga mbizi mchana kutwa wakimwita, naye amesimama ufukweni na viatu vyake.

Hayuko peke yake. Huo ndio msingi wa kazi nzima. Kila mmisionari ana mwenzake, na haruhusiwi kuwa mbali naye kiasi cha kutomwona na kutomsikia. Hawakuchaguana. Mmoja aweza kuwa mtoto wa mkulima wa Marekani na mwingine mtoto wa mvuvi wa papo hapo Tonga. Hupika katika sufuria moja, hugombana kama walivyogombana ndugu wote walioshiriki chumba kimoja, kisha usiku hawana budi kupatana kwa maana kesho ni lazima watoke pamoja. Baada ya majuma kadhaa mmoja huhamishwa na mwingine huletwa, na kazi ya kuzoeana huanza upya. Mgeni aliyefungamanishwa na mwenyeji namna hiyo hujifunza mengi kuliko yale yaliyomo katika vitabu.

Siku moja katika juma huitwa siku ya maandalizi. Siku hiyo hufua mashati, huenda sokoni, hunyoa nywele, na huandika nyumbani. Hapo zamani barua ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuzungumza na wazazi, baadaye ikaja barua ya kompyuta, tena mara moja tu kwa juma. Sauti ya mama aliweza kuisikia kwa simu mara mbili tu kwa mwaka: siku ya Krismasi na Siku ya Mama. Kanisa liliamini kwamba moyo ukirudi nyumbani kila mara, mwili nao hautakaa kazini. Hata hivyo mwezi Februari 2019 viongozi waliibadili kanuni hiyo, wakaruhusu vijana wao wazungumze na jamaa zao kila juma. Chama chenye kupenda utaratibu kiasi kile kilikubali mwishowe kwamba mtoto asiyeisikia sauti ya mama yake hakomai upesi kwa sababu hiyo. Sisi tunaona uamuzi huo ulikuwa wa busara, na ungefaa kutolewa mapema zaidi.

Si haki tuonyeshe upande mmoja tu wa sarafu. Maisha hayo yana uzito wake. Wako vijana wanaougua, wako wanaozidiwa na upweke, wako wanaogundua katikati ya safari kwamba hawakuja kwa hiari ya moyo wao bali kwa kuogopa macho ya jamaa na jirani. Arudiye kwao kabla ya wakati hurudi na aibu ambayo hakustahili kubebeshwa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea, maelfu kwa maelfu walirudishwa makwao kwa ghafla, wengi wao bila ya kupata nafasi ya kuaga. Wala historia ya kanisa lenyewe haina usafi wa kuwafanya watu wa bara letu wasiulize maswali. Hadi mwezi Juni 1978 mwanamume mweusi mwenye asili ya Afrika hakuweza kupewa ukuhani katika kanisa hilo. Ndipo baada ya zuio hilo kuondolewa, mwezi Novemba mwaka ule ule, wamisionari wake walipoingia Nijeria na Ghana. Katika Kenya kanisa lilitambuliwa rasmi mwaka 1991. Leo vijana wa Kiafrika ni miongoni mwa wanaotumwa, na tangu mwaka 2002 kuna chuo cha kuwafundisha huko Ghana. Mambo yamebadilika, lakini mwenye kumbukumbu hasahau kwamba yalikuwapo.

Hata hivyo, visiwa vya Pasifiki vinatuachia visa viwili ambavyo vyafaa vikumbukwe na kila mwenye kumtuma kijana na kila mwenye kumpokea.

Mwezi Desemba 1850 wanaume kumi wa kanisa hilo walishuka Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, wakitokea machimbo ya dhahabu ya California. Walidhani kazi yao ni kuwahubiria wazungu waliokaa huko. Wazungu hao walikuwa wachache, na hao wachache hawakutaka kuwasikiliza. Pakazuka mashauri: kuna faida gani ya kubaki? Baadhi yao wakafunga mizigo wakaondoka. Lakini mmoja wao, George Q. Cannon, kijana wa miaka 23, alisema kwamba yeye atakaa na wenyeji ajifunze lugha yao. Huko Lahaina, katika kisiwa cha Maui, mama mmoja mwenyeji aliwaachia nyumba yake yeye na wenzake wakae. Mwaka 1851 akakutana na Jonathan Napela, Mhawaii msomi aliyekuwa hakimu, wakawa marafiki. Kwa msaada wa Napela akakitafsiri Kitabu cha Mormoni kwa lugha ya Kihawaii, kikachapishwa San Francisco mwaka 1855. Walioondoka na aliyebaki walishuka katika bandari moja, wakakuta hali moja. Waliondoka waliotaka kisiwa kiwe kama kwao. Akabaki aliyekubali kuwa mwanafunzi wa kisiwa.

Kisa cha pili ni cha mwaka 1854. Mvulana aitwaye Joseph F. Smith alipelekwa Hawaii akiwa na umri wa miaka 15. Baba yake alikuwa ameuawa mwaka 1844, na mama yake alikuwa amefariki mwaka 1852. Akiwa katika visiwa hivyo aliugua sana, hana mzazi, hana ndugu, na lugha ndiyo kwanza anajifunza. Aliyemuuguza ni mwanamke wa Kihawaii, Ma Mahuhii, ambaye alimtazama kama mtoto wake wa kumzaa. Miaka ikapita. Mvulana yule akawa mtu mzima, na mwaka 1901 akawa Rais wa Kanisa zima, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki mwaka 1918. Mtu aliyefuatana naye katika safari moja ya Honolulu ndiye aliyesimulia kilichotokea gatini. Watu walikuwa wamejaa kumlaki kiongozi wao kwa maua na nyimbo. Katikati yao akaongozwa bibi kizee aliyekwisha kuwa kipofu, mkononi ana ndizi chache alizozichagua, akiita jina la yule mvulana kwa matamshi ya Kihawaii. Rais aliwaacha wakubwa wote waliomzunguka, akamkimbilia, akamkumbatia, akamwita mama.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinasahauliwa na pande zote mbili. Watumao wageni huandika katika taarifa zao hesabu ya safari, ya fedha na ya watu waliofundishwa. Wapokeao wageni huandika hesabu ya vibali na hati. Hakuna mahali penye nafasi ya kumwandika mama aliyempikia uji mtoto wa watu. Na pengine bila uji ule hesabu nyingine zote zisingekuwapo.

Sasa tugeuze uso tutazame kwetu. Kumpeleka kijana mbali na nyumbani si jambo geni katika nchi yetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Na ingawa mafunzo ya lazima kwa vijana yalisimamishwa mwaka 1994, yalirejeshwa mwaka 2013. Kila mwaka Serikali huwapangia vituo walimu, wauguzi, mabwana shamba na makarani, na baadhi yao hupangiwa visiwa vidogo. Msomaji wetu wa kisiwani anayajua yafuatayo kuliko sisi. Mwalimu huteremka na sanduku lake mchana wa jua kali. Hakuna aliyemwambia kwamba mashua hungoja maji. Nyumba aliyoahidiwa haina paa, au ina mtu mwingine ndani. Lafudhi ya watoto inampiga chenga, desturi za mahali hazijui, na mwenzake wa kazi ni mmoja tu ambaye naye amekwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho. Hajui kama amepelekwa kwa mwaka mmoja au kwa maisha. Kabla ya mwezi kwisha naye ameiandika ya kwake. Darasa linabaki na ubao usio na chaki wala mwenye kuishika.

Tukiliona hilo, upesi tunasema vijana wa siku hizi hawana uzalendo. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Kijana wa Utah hakuumbwa kwa udongo ulio tofauti na wa kijana wetu. Imani yake inamsukuma, ndiyo. Lakini imani peke yake isingemweka Tonga miezi 24. Kinachomweka ni kwamba kabla ya kuondoka alifundishwa lugha na desturi, kwamba alipofika alimkuta mwenzake akimngoja, kwamba nyumba ya kulala ilikuwako, kwamba siku yake ina utaratibu anaoujua, kwamba tarehe ya kurudi aliijua tangu siku ya kuondoka, na kwamba kila juma ana saa yake ya kuzungumza na mama. Hayo yote si miujiza ya mbinguni. Ni kazi ya ofisi iliyokaa ikafikiri.

Basi tungependa wahusika wayafikirie mambo haya machache. Mtumishi anayepelekwa katika kisiwa kidogo apewe kwanza mafunzo mafupi juu ya kisiwa hicho, yatolewe na wenyeji wenyewe na si na mtu aliyekiona kisiwa kwenye ramani. Asipelekwe peke yake. Wapelekwe wawili wawili, na ikiwezekana mmoja wao awe mzaliwa wa visiwani. Nyumba itangulie kabla ya mtu. Muda wa utumishi wake uandikwe katika barua ya kumpeleka, na ukitimia barua hiyo iheshimiwe, maana ahadi iliyovunjwa mara moja huwafukuza kumi ambao hawajaja bado. Na pale ambapo simu haishiki, apewe nafasi ya kuvuka kwenda kuwaona jamaa zake kwa nyakati zinazojulikana. Fedha zitakazotumika kwa hayo ni kidogo zikilinganishwa na hasara ya kumhamisha mtu mmoja mara tatu kwa mwaka.

Kwa upande wa wageni wa dini, wawe wa kanisa hilo au wa madhehebu nyingine yoyote, wajibu wa Serikali ni kuwa na sheria iliyo wazi na kuisimamia kwa usawa. Mifano ya kutazama ipo. Mwaka 1922 Tonga ilitunga sheria ya kuwazuia wamisionari wa kanisa tulilolitaja wasiingie nchini, na mwaka 1924 sheria hiyo ikafutwa. Mwezi Juni 1989 Serikali ya Ghana ilisimamisha shughuli za kanisa hilo na kuwaondosha wamisionari wake wa kigeni, na mwezi Novemba 1990 ikaziruhusu tena. Katika kila kisa shaka zilikuwapo, na katika kila kisa mazungumzo ndiyo yaliyozimaliza. Ofisa mwenye hekima huzungumza mapema. Naye mgeni ana wajibu wake: apige hodi, na akikosa jibu aende zake, asiufanye msaada kuwa chambo, asimfuate mtoto bila ya ruhusa ya wazazi wake, na aheshimu nyumba za ibada alizozikuta.

Kwetu sisi wenyeji neno letu ni fupi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nao hawakuuliza kwanza mgeni huyo ni wa dini gani wala ametumwa na nani. Kumpa kijana maji ya kunywa si kuisadiki imani yake. Tunaweza kuyakataa mafundisho yake kwa heshima mlangoni, na wakati huohuo tukamwonyesha njia yenye kivuli. Na ikiwa tunaweza kumfanyia hivyo kijana aliyetumwa na Salt Lake City, tunashindwaje kumfanyia mwalimu aliyetumwa na Serikali yetu wenyewe awafundishe watoto wetu wenyewe? Kuna vijiji ambavyo mwalimu mgeni hukaa mwezi mzima bila ya kualikwa hata mara moja. Baadaye wanakijiji hao hao hulalamika wilayani kwamba walimu hawadumu.

Miezi yake 24 ikitimia, kijana wa Tonga huvua kile kibao cheusi na kurudi kwao. Cheo cha Mzee hakitumiki tena nyumbani. Huitwa kwa jina lake, huenda chuoni, hutafuta kazi. Wengi wao hurudi na lugha ya pili vinywani ambayo jirani zao hawaijui, na humo mijini kwao huwa wao ndio wanaokisemea kisiwa cha watu wengine. Tungetamani siku moja kila mtumishi aliyemaliza muda wake katika visiwa vyetu aondoke akiwa hivyo: anaisema lafudhi yetu, anayajua majina ya pepo zetu, na anapofika makao makuu awe wakili wetu mbele ya wale ambao hawajavuka bahari.

Jahazi la kesho litaleta mtu. Hatumjui bado, na pengine atashuka akitazama nyuma. Serikali imtengenezee mahali pa kuweka sanduku lake, nasi tuwe na mtu gatini wa kumpokea.